Ukuta Uliofuliwa: Kisa cha Michoro Sita ya Rangi za Maji, Bagamoyo

Naandika kisa hiki kwa ajili ya wachoraji wa rangi za maji wa ukanda wa pwani, na mafundi wa fremu wanaowahudumia. Nilikuwa ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho: mimi ndiye niliyemleta mteja, niliyepanga ratiba na niliyetia fremu. Majina nimeyaondoa, jengo lililoagiza kazi silitaji, na mwaka nimeuacha. Mchoraji mwenyewe amesomewa kila sehemu na kukubali iandikwe kwa sharti moja, kwamba mbinu yake ielezwe vizuri kabla ya makosa kuelezwa. Nimelitii.

Mchoraji

Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa hapahapa Bagamoyo. Kabla ya kushika brashi alikuwa msusi wa mikeka. Bibi yake ndiye aliyemfundisha kusuka ukili, na hadi leo ukimkuta kibarazani jioni vidole vyake vinachezea ukindu huku mwenyewe akiongea mambo mengine. Kuchora alianza ukubwani, baada ya mgeni mmoja kumwachia kijisanduku cha rangi za maji na karatasi chache. Mji huu una TaSUBa, taasisi iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na vijana wengi wanaochora hapa wamepitia kwa mwalimu. Yeye hakupitia kwa mwalimu yeyote. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu hakuna aliyemwambia mapema kwamba rangi za maji hazifanywi hivyo.

Anachora kitu kimoja tu: kuta. Kuta za Mji Mkongwe, zile za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, zenye dari za boriti za mikoko. Wachoraji wengine wakija Bagamoyo huchora Boma la Wajerumani, au mnara wa kanisa la misheni ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja, au ngalawa zilizopwelewa karibu na soko la samaki. Yeye huyapita yote hayo akaenda kusimama nyuma ya nyumba iliyobomoka nusu. Hutazama pale chokaa ilipobanduka jiwe likachungulia, pale maji ya paa yalipoteremsha mstari mweusi, pale mlango ulipopakwa bluu na bluu yenyewe ikachakaa.

Namna anavyochora

Anayejifunza rangi za maji kwa kawaida huambiwa mambo matatu. Anza na rangi nyepesi uende kwenye nzito. Weupe wa karatasi ndio mwanga wako, ulinde. Na usikaze macho mahali pamoja, acha mchoro mzima ukue kwa wakati mmoja. Mama huyu anayavunja yote matatu, na kila moja analivunja kwa sababu.

Hutumia robo ya karatasi kubwa, sentimita 28 kwa 38, karatasi ya pamba tupu yenye gramu 300 kwa mita ya mraba na uso wa vibonde vidogovidogo. Huiloweka kwenye beseni dakika kumi, huilaza juu ya ubao, kisha huifunika kwa weusi: bluu ya ultramarini iliyochanganywa na siena ya kuchomwa, ile rangi ya udongo wa hudhurungi, nzito, karatasi nzima, hasazi hata nafasi ya ncha ya kidole. Huiacha ikauke kabisa. Kesho yake alfajiri huifua. Kufua ndilo neno lake mwenyewe, nami sijapata lililo bora. Huinamisha ubao, humimina maji kwa kata, hupitisha brashi pana ya nywele laini, na weusi huteremka kama maji ya mkaa. Kinachosalia ni kile kilichoshuka kwenye vibonde vya karatasi: vitone, michirizi, vivuli ambavyo hakuna mkono wa mtu uliovichora. Kisha hupaka oka ya njano, hukausha, hufua. Kisha udongo mwekundu, hukausha, hufua. Hufika mara saba, nane, hata tisa.

Siku ya kwanza kumtazama moyo uliniruka. Karatasi ile ni ghali, na hapa mjini haipatikani.

"Shikamoo mama. Hii si itatoka yote?"

"Marahaba. Itakayotoka haikuwa ya ukuta, mwanangu."

Akanieleza kwa subira. Kuta hizi zilipakwa chokaa, masika ikaziosha, zikapakwa tena, masika ikaziosha tena, miaka mia na zaidi. Rangi tunayoiona leo ni mabaki ya rangi. Mtu akiuchora ukuta kwa kuweka tu bila kuondoa, anachora ukuta ambao haujanyeshewa.

Pale anapotaka chokaa nyeupe, husugua kwa sponji au mswaki laini hadi weupe wa karatasi urudi, lakini usirudi wote. Ndiyo maana huchagua rangi kwa tabia ya kushika au kuachia. Ultramarini na rangi nyingi za udongo huachia, chembe zake hukaa juujuu. Bluu ya ftalo ikishaingia kwenye nyuzi za karatasi haitoki. Basi milango huipaka ftalo mapema, ili kila ufuaji unaofuata uondoe ukuta na kuuacha mlango. Haya hakuyasoma popote. Analo daftari la majaribio ambalo kila rangi imepakwa mstari, ikakaushwa, na nusu ya mstari ikafuliwa.

Ukuta ukishapatikana ndipo kazi ya pili inapoanza, na hapa ususi unarudi. Hupiga kwa penseli nyepesi miraba ya sentimita mbili, kumi na nne kwa kumi na tisa, jumla 266. Huanza pembe ya chini kulia, na mraba humalizwa kabisa kabla ya kugusa unaofuata. Brashi ni namba 00, imekamuliwa kwenye kitambaa hadi inakaribia kukauka. Rangi huwekwa kwa vijistari vifupi, kimoja ubavuni mwa kingine, vikikatizana kama ukindu kwenye ukili.

Nilipata kuutazama mraba mmoja kwa kioo cha kukuzia. Ndani yake mlikuwa na ufa kwenye chokaa, haukuzidi ukucha wa mtoto. Ufa wenyewe haukuwa mstari. Ulikuwa vijistari kama thelathini vya rangi tatu. Ukingo wa juu ulikuwa na umanjano, kwa kuwa ndipo jua la asubuhi lilipoangukia, na chini yake kivuli cha zambarau kilififia taratibu hadi kikapotea kwenye jiwe. Mraba wa namna hiyo humchukua robo saa hadi nusu saa. Kwa siku humaliza kumi na tano.

Kwenye giza la ndani ya milango huongeza tone la gundi ya mgunga, ileile inayoshikilia rangi zote za maji, ili giza lipate kina lisionekane kama vumbi. Msomaji alikumbuke tone hilo. Kwenye vijisahani vya rangi hutia pia tone la mafuta ya karafuu, kwa sababu gundi hiyo hupata koga upesi katika hewa yetu.

Na maji. Hukinga maji ya mvua na kuyahifadhi kwenye mtungi wa udongo uliokaa kivulini. Maji ya kisima cha jirani yana chumvi, yakikauka huacha ukoko mweupe kwenye karatasi. Nilidhani chumvi ndiyo sababu pekee ya mtungi ule.

Oda, na hesabu yangu

Mteja alikuwa mwenye nyumba ya wageni aliyekarabati jengo la zamani. Alikuja karakana kwangu kutafuta michoro ya Tingatinga, kama wanavyokuja wengi. Akauona mchoro mmoja wa mama ukisubiri kadi ya pembeni, akasimama mbele yake muda mrefu bila kusema. Akaagiza sita, za kuta za jengo lake na za majirani, zitundikwe vyumbani kabla ya Juni wageni wa kiangazi wasianze kufika.

Mama alijibu: nne, mwishoni mwa Septemba. Mimi nikakaa katikati, nikachukua kalamu. Miraba 266 kwa miraba kumi na tano kwa siku ni siku kumi na nane. Karatasi moja inaweza kufuliwa wakati nyingine inasukwa, kwa hiyo ufuaji hauli siku za ziada. Mara sita, siku 108. Tangu Februari mosi hadi Mei 31 ni siku 120. Zinabaki 12 za fremu. Nilimpelekea hesabu hiyo nikiwa na furaha ya mtu aliyetegua kitendawili.

Aliitazama akauliza, "Na mvua umeiandika wapi?"

Nikasema tutatafuta msaidizi. Alikubali. Najua alikubali kwa kunistahi, na kwa kuwa malipo ya awali yangelipa ada ya mjukuu. Mimi sababu yangu ilikuwa hofu kwamba tukitaja Septemba mteja ataondoka. Sikumuuliza mteja kama anaweza kupokea minne kwanza. Swali la dakika moja.

Februari hadi Mei

Michoro miwili ya kwanza ilifanyika kaskazi ikivuma. Karatasi iliyofuliwa alfajiri ilikuwa kavu ifikapo adhuhuri. Kufikia wiki ya pili ya Machi yote miwili ilikuwa tayari, na hadi leo naihesabu kati ya kazi bora za mkono wake.

Masika ilipoingia, kukauka kulikochukua nusu siku kukawa siku nzima, mara nyingine mbili. Mama akashauri tusimamishe ufuaji, yeye asuke tu mchoro wa tatu uliokwisha kufuliwa, na mingine isubiri. Niliona siku zangu kumi na mbili zinayeyuka, nikamleta msaidizi: kijana hodari, mwenye adabu na mkono mzuri, afue karatasi ya nne na ya tano wakati mama anasuka.

Kijana alifuata kila alichoelekezwa. Rangi zilezile, idadi ileile, brashi ileile. Mambo mawili hakuambiwa kwa sababu hakuna aliyewahi kuyatamka: saa ya kufulia, na chombo cha maji. Alifika saa nne asubuhi, akasubiri mvua ipishe na jua litoke, akafua saa sita mchana ili karatasi iwahi kukauka. Ni akili nzuri, ningefanya vivyo hivyo. Na badala ya kuchota mtungini, alitumia mpira uliounganishwa na tangi jeusi la plastiki lililo juu ya choo, mpira unaolala uani kutwa nzima. "Maji ni yaleyale ya mvua," alisema. Kweli yalikuwa yaleyale.

Karatasi ya nne ilitoka ikipendeza. Ilifulika kwa urahisi kuliko zote, jambo ambalo sote tulilipokea kama habari njema. Kisha mama akaanza mraba wa kwanza. Aliweka kijistari kimoja cha ufa, kikachanua pande zote mbili kama wino kwenye gazeti. Akaikamua brashi zaidi, akaweka kingine. Hicho hakikuchanua, kilizama, na rangi iliyokuwa hai kwenye brashi ikawa kama majivu. Alivumilia miraba kumi na moja. Kisha akaweka brashi chini.

"Karatasi hii imekufa," alisema.

Mimi nilishika kwamba ni unyevu wa hewa. Tukaikausha kwa kikaushia nywele, tukaiweka chini ya taa usiku kucha. Asubuhi ilikuwa vilevile. Mama akaamua mambo mawili bila kutusubiri. Karatasi ya nne imeachwa, na tangu siku hiyo hafui mtu ila yeye. Ya tano ilikuwa imekwisha kufuliwa mara tatu na kijana. Aliikagua kwa kidole, akasema nusu ya chini bado inashika na nusu ya juu imelegea, akaimalizia kufua mwenyewe. Kwenye sehemu iliyolegea alipanga mlango na giza lake, na rangi ya hapo akaizidishia gundi ili kijistari kikae juu kisizame. Ilifaulu. Nilimwona akifanya hivyo nikastaajabu jinsi mtu anavyoweza kufikiri na brashi mkononi.

Mwisho wa Mei michoro mitano ilikuwa tayari: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa tano na wa sita. Huo wa sita ulikauka siku mbili tu kabla ya kuja karakana.

Fremu

Hapa ni kazi yangu, na nitaieleza bila kujificha. Sehemu kubwa ya kazi ninazotia fremu ni Tingatinga, mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam katika miaka ya 1960, rangi ya mafuta inayong'aa juu ya ubao mgumu. Kazi hizo hazihitaji kioo. Unazipigia mbao pembeni, unatundika. Mchoro wa karatasi kwa desturi naufunga kwa kadi nene yenye dirisha katikati, ambayo huuweka mbali na kioo kwa milimita moja na kitu. Kadi zilikuwa zimekwisha, na mteja alipenda mchoro ufike hadi ukingoni bila mpaka mweupe. Nikalaza kioo moja kwa moja juu ya karatasi, nyuma nikaweka plaiwudi, nikaziba pande zote kwa utepe ili wadudu wasiingie. Nikapeleka mitano Mei 31 kama nilivyoahidi. Mama hakuziona fremu.

Simu ya Julai

Mteja alipiga simu akasema kuna vitone kama pilipili manga vimetokea ndani ya kioo. Tulikwenda wote wawili. Michoro mitatu kati ya mitano ilikuwa na koga: wa tatu, wa tano na wa sita. Wa kwanza na wa pili ilikuwa misafi, ingawa fremu zao zilikuwa za namna ileile na vyumba vyao vinatazama bahari ileile.

Nilifungua wa tano hapohapo. Pale kwenye giza la mlango karatasi ilikuwa imeshika kioo. Mama akasema tuuache ulivyo, tukautazame vizuri nyumbani. Nikaona aibu mbele ya mteja, nikavuta. Ngozi ya karatasi ikabaki kwenye kioo, kipande cha ukubwa wa kiganja, pamoja na miraba ambayo ilimchukua siku nzima.

Hakunigombeza. Aliinua kioo akakielekeza kwenye mwanga, akaangalia mvuke ulioshika ndani yake, akasema, "Umeupiga saruji."

Nani aliyekulia kwenye nyumba za hapa asiyeelewa neno hilo? Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa, kutwa kucha. Fundi akija akaupiga plasta ya saruji ili upendeze, maji yaliyomo ndani hukosa njia, chokaa huoza nyuma ya plasta, na siku moja ukuta humomonyoka ukiwa bado unang'aa kwa nje. Karatasi ya pamba ni hivyohivyo. Nilikuwa nimeifungia unyevu wa masika kati ya kioo na plaiwudi.

Kilichookolewa

Wa tatu na wa sita ilikaa siku nne kibarazani kwa mama, kivulini, upepo wa kusi ukipita. Ilipokauka kabisa, koga ilitolewa nje ya nyumba kwa brashi kavu laini, pua na mdomo vikiwa vimefungwa kitambaa. Madoa yaliyobaki kwenye wa tatu yaliangukia chini ya mfereji wa paa, na mama aliyasukia vijistari hadi yakawa sehemu ya ukuta. Kwenye wa sita yalibaki juu ya chokaa nyeupe, na ukisogea karibu unayaona. Alimweleza mteja wazi kabla hajauliza. Mteja alichukua minne, akarudishiwa fedha za wa tano, na wa sita alipunguziwa bei. Fremu zote nilizifanya upya kwa gharama yangu. Januari iliyofuata, kaskazi iliporudi, mama alianza mwingine kuziba pengo, na mteja akausubiri hadi Machi bila kulalamika. Hilo lilinichoma, kwa sababu lilionyesha kwamba angesubiri tangu mwanzo.

Jaribio la mistari miwili

Kifo cha karatasi ya nne kilitusumbua hadi Agosti. Tulikata vipande viwili kutoka karatasi moja mpya ya aina ileile. Kimoja kilifuliwa mara tano alfajiri kwa maji ya mtungi. Cha pili mara tano saa sita mchana kwa mpira wa tangi, na siku hiyo nilitia mkono mwenyewe: maji ya mwanzo kutoka kwenye mpira uliolala juani yalinifanya niurudishe mkono haraka. Vikakauka pamoja siku mbili. Kisha tukadondosha tone moja la maji kwenye kila kipande.

Kwenye cha mtungi tone lilisimama duara, likitetemeka, kama tone juu ya jani la yugwa. Kwenye cha tangi lilinyweka kabla sijahesabu tano.

Karatasi nzuri za rangi za maji, nyingi kati yake, hutiwa jelatini, ile itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama. Ndiyo inayozuia nyuzi za pamba zisinywe rangi papo hapo. Jelatini kwenye maji baridi huvimba tu. Kwenye maji ya moto huyeyuka ikaondoka, na unaobaki ni mfano wa kitambaa cha kufutia. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa kuyatoa jasho kidogokidogo kupitia vitundu vyake, na alfajiri ndiyo saa yake ya baridi kabisa. Miaka yote mtungi ule na saa ile vilikuwa vikilinda jelatini, na mwenyewe hakujua kwamba vinafanya hivyo. Ile karatasi "iliyofulika kwa urahisi" ilikuwa inatuambia kwamba inavuliwa nguo.

Uchambuzi

Nianze na mbinu yenyewe, kwa sababu baada ya Julai kuna waliosema hayo ndiyo malipo ya kuchora kinyume. Siafiki hata kidogo. Michoro miwili iliyofanywa kwa masharti yake yote haikupata doa. Wala mbinu hii si ngeni kiasi hicho. Albrecht Dürer wa Ujerumani mwaka 1502 alimchora sungura kwa rangi za maji hadi manyoya yakahesabika. Turner wa Uingereza aliloweka, akafuta na kukwaruza karatasi kutafuta mwanga. William Henry Hunt, naye wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1864, aliweka weupe mzito kwanza kisha akasuka viota vya ndege juu yake kwa vijistari vya rangi safi. Kilicho cha mama peke yake ni sababu: anafua kwa kuwa masika inafua, anasuka kwa kuwa mkono wake ni wa msusi. Kwa maoni yangu hapo ndipo nguvu ya kazi yake ilipo, na mchoraji atakayeiga miraba bila sababu yake mwenyewe atapata daftari la hesabu lenye rangi.

Miraba ilifanya jambo ambalo sikulitarajia. Kwa kuwa kila mmoja humalizwa peke yake, karatasi ya nne iligundulika imekufa baada ya miraba kumi na moja. Angechora kwa kuzungukia karatasi nzima, angeweza kupoteza wiki. Na kwenye wa tatu, kasoro ilirekebishwa ndani ya mipaka yake bila kugusa ukuta uliobaki.

Daftari la majaribio nalo lilifanya kazi, ila lilikuwa na pengo. Liliandika rangi na idadi ya ufuaji. Halikuandika maji, saa, wala chombo, kwa sababu kwake hayo hayakuwa mbinu, yalikuwa maisha. Hapa ndipo msaidizi alipoponzwa. Ninasisitiza kwamba kijana hakukosea. Alipewa nusu ya mbinu akaifanya kikamilifu. Mtu mwenye njia yake ya pekee anapompa mwingine sehemu ya kazi, inafaa mwingine huyo amtazame siku nzima kwanza, tangu alfajiri, na aandike hata yale yanayoonekana hayana maana: nani kachota maji, mtungi umekaa wapi.

Uamuzi wa kuzidisha gundi kwenye wa tano ni wa kujadiliwa. Kama kazi ya mkono ulikuwa wa hekima, gundi ilichukua nafasi ya jelatini iliyopotea na mlango ukatoka na kina cha kweli. Lakini gundi ya mgunga hulainika hewa ikiwa na unyevu, na chini ya kioo kilichogusa karatasi iligeuka kuwa gundi kwelikweli. Kama ningejua kwamba amezidisha, pengine ningejihadhari. Sikuuliza, naye hakuona sababu ya kumwambia fundi wa fremu alichotia kwenye rangi. Siku hizi kila mchoro unaoingia karakana kwangu huja na kikaratasi nyuma: karatasi gani, gundi ya ziada au la, umekauka tangu lini.

Fremu ninaitundika makosa matatu, na yote ni yangu. Kioo kugusa karatasi. Plaiwudi nyuma, ambayo hunywa maji na kuyarudisha kwa mchoro. Na kufunga kazi iliyokauka siku mbili katikati ya masika, wakati vidole vinasema kavu na ndani ya karatasi bado kuna unyevu. Koga hupata nafasi hewa inapokaa juu ya asilimia 65 au 70 ya unyevu kwa muda, na masika ya pwani huvuka hapo bila shida. Wa kwanza na wa pili ilipona kwa sababu ilikuwa imekaa wiki nyingi kwenye hewa kavu kabla ya kufungwa. Sasa naweka kadi yenye dirisha, na pale mteja asipotaka mpaka mweupe naficha vijiti vyembamba vya mbao chini ya ukingo wa fremu ili kioo kisiguse. Nyuma natumia kadi isiyo na asidi, na kwenye pembe mbili za chini nabandika vipande vya kizibo ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Kazi ya masika haifungwi kabla kusi haijaikausha mwezi mzima.

Ratiba nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyozaa mengine yote. Msaidizi aliletwa na ratiba, jua la saa sita lilitafutwa na ratiba, kadi ilikosekana kwa sababu ya ratiba. Hesabu ya siku 108 haikuwa na kosa la kujumlisha, ilidhani tu kwamba siku ya Aprili ni sawa na siku ya Februari. Makubaliano ya oda tunayotumia sasa hutaja msimu kwanza ndipo idadi: kufua Desemba hadi katikati ya Machi, kusuka wakati wowote, fremu kuanzia Julai.

Karatasi ya nne mama hakuitupa. Aliikata vipande vya upana wa vidole viwili, akavitoboa na kuvifunga kwa uzi wa ukindu, na vinaning'inia kwenye msumari juu ya mtungi. Kila karatasi mpya ikiletwa, hudondosha tone juu ya ncha yake na tone jingine juu ya kipande kimoja cha ile iliyokufa, akasubiri. Kijana bado yupo naye. Siku hizi hufika kabla ya adhana ya alfajiri, na ndiye anayechota.